Muziki na akili ya mwanafunzi: swali ni kubwa mno, tulipunguze

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari ya kata huku Dodoma vijijini. Nafundisha Baiolojia na ndiye mlezi wa klabu ya sayansi. Wanafunzi wanne wa kidato cha tatu wamenijia na mradi wanaotamani kuupeleka kwenye maonyesho ya Young Scientists Tanzania: "Athari za muziki kwa akili ya mwanafunzi." Saikolojia niliyosoma ni ile ya chuo cha ualimu tu, Pavlov na mbwa wake, Piaget na hatua zake. Kompyuta ya kutegemewa hatuna, wala maabara ya mambo hayo. Tuanzie wapi, na ripoti yake inaandikwaje?

JIBU: Mwalimu, kwanza usiwanyang'anye muziki wao. Ukipekua vitabu utakuta majaribio mepesi zaidi, na utatamani kuwaambia waachane na hilo wafanye lile. Lakini mtoto aliyekuja na swali lake mwenyewe atakesha nalo, na aliyepewa swali la mwalimu atalifanya kama zamu ya kufagia. Acha wabaki na muziki. Tutakachofanya ni kulipunguza swali hadi litoshe kwenye chumba kimoja cha darasa na nusu saa ya jioni.

Maana lilivyo sasa halipimiki. Muziki upi: kwaya, taarabu, au singeli ya spika za harusini? Akili ipi: ya kukumbuka, ya kukokotoa, au ya kutulia na kusoma? Athari mtaiona baada ya dakika tano au kwenye mtihani wa muhula? Swali la namna hii lina hatari zaidi kuliko kuchosha, nalo limewahi kuwapoteza wakubwa. Mwaka 1993 Frances Rauscher na wenzake wawili huko Marekani walichapisha ripoti fupi katika jarida la Nature. Wanafunzi 36 wa chuo walisikiliza sonata, yaani muziki wa piano usio na maneno, ya Mozart, mtunzi wa zamani wa Ulaya, kwa dakika kumi, kisha wakajibu maswali ya maumbo, yale ya kukisia karatasi iliyokunjwa na kukatwa itaonekanaje ikikunjuliwa. Walifanya vizuri kuliko walipokaa kimya, na faida yenyewe haikudumu zaidi ya robo saa. Basi. Lakini habari zilipofika mtaani zikawa "Mozart huongeza akili", na mwaka 1998 gavana wa Georgia, Zell Miller, akaomba bajeti ya dola 105,000 ili kila mtoto anayezaliwa jimboni apewe rekodi ya muziki huo. Baadaye, mwaka 2001, Thompson, Schellenberg na Husain walionyesha kwamba ukihesabu tofauti ya uchangamfu na hali ya moyo, faida ya Mozart inayeyuka. Muziki mchangamfu ulikuwa umewachangamsha watu, kama chai ya saa nne.

Wasimulie wanafunzi wako kisa hicho, kisha waulize: je, kichwa cha habari cha mradi wenu si kilekile cha gavana?

Sasa tulikate swali. Kuna jambo moja kuhusu muziki na kumbukumbu ambalo limechunguzwa vizuri na linapimika kwa kalamu na karatasi. Mtu anayejaribu kushika kichwani orodha fupi kwa mpangilio wake husumbuliwa na sauti ya mtu anayeongea pembeni, hata asipomsikiliza. Watafiti Colle na Welsh walionyesha mwaka 1976 kwamba husumbuliwa hata kama lugha inayosemwa haijui. Salamé na Baddeley, mwaka 1989, wakaleta muziki, na waliona kwamba uimbaji ulivuruga kumbukumbu ya tarakimu kuliko muziki wa ala peke yake. Maelezo yao ni kwamba tunaposhika namba ya simu kwa sekunde chache, tunaishika kwa sauti, tukijisemea ndani kwa ndani. Na maneno ya mwimbaji huingia mlango uleule.

Vijana wako wanajua tayari kwamba wimbo una sauti na una biti. Swali lao jipya, basi, ni hili: je, wanafunzi wa kidato cha tatu hukosea zaidi kukumbuka tarakimu kwa mpangilio wake wakati wimbo wenye maneno unapigwa, kuliko wakati biti ya wimbo huohuo inapigwa bila maneno?

Angalia kilichobadilika kati ya hali hizo mbili: maneno tu. Mwendo ni uleule, ngoma zilezile, spika ileile. Kama wangelinganisha wimbo wa kwaya na singeli wangekuwa wamebadilisha vitu kumi kwa mpigo, na matokeo yakija wasijue wamshike nani. Kile wanachokibadilisha wenyewe vitabu hukiita kigeu huru, na kile wanachokipima ni kigeu tegemezi. Majina hayo wayajue kwa sababu majaji watayauliza, ila usianze nayo. Anza na "mnabadilisha nini, mnapima nini", wajibu kwa sentensi moja kila kimoja. Mwanafunzi akihitaji sentensi ya pili, swali bado halijakatwa.

Vifaa ni vichache. Tafuteni karatasi za mitihani ya zamani, mtumie upande wa nyuma. Karatasi 80 zikikatwa katikati zinatoa vipande 160, na kila kipande kinabeba tarakimu moja kubwa ya makapeni. (Makapeni hupenya karatasi nyembamba, na mshiriki mwerevu atasoma tarakimu inayofuata kwa nyuma. Wekeni kipande kitupu katikati au tumieni manila.) Vipande vinane vikishikizwa pamoja ni msururu mmoja. Mnahitaji misururu 20: kumi ni seti P, kumi ni seti Q. Tarakimu ziwe 1 hadi 9, zichaguliwe kwa kura kutoka kwenye kofia, isirudiwe yoyote ndani ya msururu mmoja. Ukitokea mpangilio kama 3-4-5-6, rudieni kura, maana huo haukumbukwi, unahesabiwa tu. Sifuri iacheni kabisa, kwa kuwa watoto wakiona 0-7-5 vichwa vyao vinakwenda kwenye namba za simu.

Siku yenyewe, mwanafunzi mmoja anasimama mbele akifunua kipande kimoja kila sekunde. Lazima afanye mazoezi ya mwendo huo hadi mkono uzoee. Tarakimu ya nane ikiisha, washiriki wanasubiri sekunde kumi kalamu zikiwa chini, muziki ukiendelea, kisha wanaandika. Msururu mmoja unachukua kama sekunde 40, hivyo misururu kumi ni takribani dakika saba. Alama inatolewa pale tu tarakimu ilipo mahali pake: aliyeandika tarakimu sahihi kwenye nafasi isiyo yake hapati. Kila mshiriki, basi, ana alama kati ya 0 na 80 kwa biti na nyingine kwa wimbo.

Washiriki 24 wanatosha, na kila mmoja afanye hali zote mbili. Hili ni muhimu kuliko linavyoonekana. Miradi mingi niliyoiona inampa mkondo A muziki na mkondo B ukimya, halafu inashangilia tofauti, wakati kila mtu shuleni anajua mkondo A ndio uliojazwa wenye alama za juu. Mtu akilinganishwa na nafsi yake, habari ya nani ana kichwa chepesi inaondoka.

Inabaki habari ya nani atangulie nini. Mara ya pili mtu huwa amezoea, au amechoka. Kwa hiyo wagaweni watu 12 kwa 12 kwa kura, si kwa safu za madawati, kwani safu ya mbele na ya nyuma hazifanani hata kidogo. Kundi la kwanza lianze na biti kwa seti P, kisha wimbo kwa seti Q. Kundi la pili lianze na wimbo kwa seti P, kisha biti kwa seti Q. Kwa mpango huo biti imetangulia mara 12 na wimbo mara 12, na kama seti Q ni ngumu kidogo, ugumu huo umegawanywa sawa kwa sawa. Waachie wanafunzi wako jioni moja wajaribu kuugundua mpango huo wenyewe kabla hujawaonyesha. Wakiugundua, hata mradi ukiishia hapo, umelipa.

Maelekezo kwa washiriki yaandikwe kwa Kiswahili na yasomwe neno kwa neno kwa makundi yote mawili, na msomaji yuleyule. Anayefunua vipande asitabasamu mtu akipatia wala kukunja uso wimbo unapopigwa. Hapa wasimulie habari za Hans, farasi wa Berlin aliyesifika mwanzoni mwa karne ya ishirini kwa kujibu hesabu akigonga kwato chini. Bwana wake, Wilhelm von Osten, hakuwa tapeli, aliamini kabisa. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst alionyesha kwamba farasi alikuwa akisoma mwili wa muulizaji: kichwa cha mtu kilijinyanyua kidogo tu idadi ilipotimia, naye akaacha kugonga. Muulizaji asipojua jibu, Hans naye hajui. Kama farasi anaweza hivyo, mwanafunzi wa kidato cha tatu anayetaka kumfurahisha rafiki yake atashindwaje?

Kabla ya siku hiyo fanyeni jaribio dogo na wanafunzi wanne ambao hawatakuwemo kwenye lile kubwa. Mwanasaikolojia George Miller (si yule gavana) aliandika mwaka 1956 kuhusu namba saba, zaidi au pungufu ya mbili, kama kiasi ambacho watu hushika kwa mara moja. Ndiyo maana nimeanza na tarakimu nane. Wote wanne wakipata karibu kila kitu, ongezeni iwe tisa. Wakipotea kabisa, shukeni hadi saba. Kipimo kinachompa kila mtu 80 kwa 80 hakiwezi kuonyesha tofauti hata kama ipo.

Kuhusu ridhaa nitasema kwa ukali kidogo. Niliwahi kukaa meza ya majaji nikasikiliza kundi lililowaambia nusu ya darasa kwamba wamefeli mtihani wa majaribio, ili "kupima msongo wa mawazo". Hawakufeli. Msichana mmoja alikuwa ameshawapigia simu nyumbani akilia, na wale vijana walisimulia hilo kama matokeo mazuri. Mwalimu wao alikuwa nyuma yao anatikisa kichwa kukubali. Jaribio lenu halina udanganyifu wala kumdhalilisha mtu, na libaki hivyo. Pata kibali cha mkuu wa shule kwa maandishi, na barua fupi kwa wazazi, kwani washiriki ni watoto. Kisha kuna jambo ambalo barua haitatui: mwalimu akisema "nani anajitolea?" hakuna mtoto wa Kitanzania anayejisikia huru kukaa kimya. Kwa hiyo wewe usiwepo wakati wa kualika. Wanafunzi waalike wenzao, na waseme wazi kwamba anayetaka kuacha katikati arudishe karatasi tupu bila kuulizwa. Karatasi ziwe na namba, si majina. La sivyo mwenye alama ndogo ataitwa kichwa panzi hadi anamaliza kidato cha nne.

Nunueni kaunta buku moja. Kabla ya siku ya jaribio waandike humo nadharia tete yao, yaani utabiri: kwamba alama zitakuwa chini wakati wa wimbo kuliko wakati wa biti. Waandike pia watamhesabuje aliyechelewa, na watafanya nini umeme ukikatika katikati. Watie sahihi na tarehe, nawe utie yako. Watu wazima wenye shahada za uzamivu wamewahi kuangalia namba kwanza kisha wakakumbuka kwamba "tulichotarajia ni hiki". Sioni kwa nini watoto wa miaka kumi na sita wawe imara zaidi bila sahihi.

Hesabu ya matokeo isikutishe. Chukua alama za kila mshiriki, uliza swali moja: alifanya vibaya zaidi wapi, kwenye wimbo au kwenye biti? Waliolingana waweke pembeni. Kama maneno ya wimbo hayana maana yoyote, kila mtu ni sawa na sarafu iliyorushwa: kichwa au mwenge. Tuseme hakuna waliolingana na mna watu 24. Wakiwa 15 waliovurugwa zaidi na wimbo, darasa litapiga makofi, lakini sarafu 24 zinatoa vichwa 15 au zaidi takribani mara 15 katika kila majaribio 100. Hiyo si habari. Wakiwa 17, bahati peke yake ingefanya hivyo kama mara tatu kwa mia. Wakiwa 18, kama mara moja kwa mia, na hapo mna haki ya kusema kuna kitu. Warushe sarafu za kweli, kila mmoja mara 24, waandike ubaoni wamepata vichwa vingapi. Kipindi kimoja cha kurusha sarafu kitawafundisha uwezekano wa kibahati kuliko nitakavyoweza mimi hapa.

Pamoja na hesabu hiyo watoe namba ya katikati ya alama kwa kila hali, na mchoro mmoja: nguzo mbili, biti kushoto na wimbo kulia, na kila mshiriki mstari wake unaounganisha alama zake mbili. Mistari mingi ikishuka, jaji ataona kabla hajasoma neno.

Tukija kwenye ripoti, mwalimu, siri yake ni kwamba nusu iandikwe kabla ya jaribio. Sehemu ya mbinu iandikwe wiki ileile ya maandalizi, wakati bado wanakumbuka kwamba vipande vilishikiliwa usawa wa kifua na washiriki walikaa safu mbili za mbele. Kipimo chake ni hiki: mpe mwalimu mwenzako asiyejua lolote kuhusu mradi, mwambie aonyeshe kwa vitendo angefanyaje. Atakapokwama, hapo sentensi inakosekana. Ripoti itatakiwa kwa Kiingereza, lakini rasimu ya kwanza waijadili na kuiandika kwa Kiswahili. Nimeona vijana wanaoeleza mradi wao kwa ufasaha wakiwa nje ya ukumbi, halafu ripoti yao ni misemo ya kuokota iliyounganishwa kwa gundi.

Utangulizi uanze kwa upana kidogo na uishie kwenye utabiri: watu hukumbukaje orodha, watafiti waliona nini kuhusu maneno ya pembeni, kwa hiyo sisi tunatarajia nini. Kurasa mbili zinatosha. Historia ya muziki tangu zamani za mababu haihitajiki, na tafsiri ya neno "muziki" kutoka kwenye kamusi ndiyo kabisa.

Matokeo yasemwe bila maoni. Maoni yana nyumba yake, mjadala, na hapo ndipo ripoti zetu nyingi hufa. Utasoma "changamoto zilikuwa uhaba wa muda na fedha", sentensi inayofaa mradi wowote wa nguruwe au mabomba. Upungufu unaotakiwa ni ule wa jaribio hili. Je, wimbo ulisikika kwa sauti kubwa kuliko biti, kwa kuwa sauti ya mwimbaji imeongezwa juu yake? Hilo ni pingamizi halisi, na ni vizuri walitaje wao kabla ya jaji. Je, wakati kundi la pili likifanya, wengine walikuwa wanacheza mpira nje ya dirisha? Washiriki walijua tunatafuta nini? Kwa kila upungufu waseme ungesukuma matokeo upande gani. Halafu yanafuata mapendekezo, na hapo wazuie mapema, kwa sababu mkono wa mwanafunzi wa Kitanzania ukifika kwenye mapendekezo unaandika wenyewe: "Serikali ipige marufuku..." Watu 24 na tarakimu nane haziipi serikali kazi yoyote. Wapendekeze jaribio linalofuata: kwa mfano, wimbo wa lugha wasiyoijua, Kilingala au Kihindi, uone kama nao unavuruga.

Utabiri usipotimia, wasiuguse. Namba za kaunta buku ndizo zitakazokwenda kwenye bango, na mjadala utaeleza kwa nini pengine haikuonekana: tarakimu chache mno, sauti ndogo, au watoto wetu wamezoea kusoma redio ikiwaka. Jaji anayejua kazi atauliza zaidi kuhusu hilo kuliko kuhusu mstari uliokwenda ulivyotakiwa.

Limebaki suala la wimbo gani, na najua hapo ndipo watagombana. Wachague wao, ila usiwe unaotamba kwenye daladala mwezi huu, kwani mshiriki anayeujua atauimba kichwani hata biti ikiwa tupu, na tofauti mnayoitafuta itakuwa imefutika. Utafuteni wa zamani kidogo ambao biti yake inapatikana, ikitoka studio ileile, na kwa mwendo uleule. Uwekwe ujirudie wenyewe kwenye simu, spika iwe mezani palepale kwa makundi yote, na kiasi cha sauti kiandikwe kwenye kaunta buku. Na wewe uusikilize mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho kabla ya barua za wazazi hazijatoka.